Chemirocha, Makmende na Faili Isiyo na Jina

Kuna sentensi nimechoka kuisikia kutoka kwa waandishi wenzangu wa programu hapa Nakuru. Ni hii: "Kila kitu kiko mtandaoni." Juzi nimeambiwa tena, tena na mtu ninayeiheshimu kazi yake, tulipokuwa tukibishana juu ya albamu za Just A Band. Mimi nilisema inafaa sisi mashabiki tukae chini tuandike: nyimbo hizi zina maneno gani, ni lugha gani, utani huu ulihusu nini, mwaka gani. Akanicheka. "Buda, nyimbo si ziko pale? Bonyeza usikilize. Neno likikupita, kuna mashine ya kuliandika."

Leo namjibu. Najua atasoma, na sitamvika kilemba cha ukoka.

Kwanza kwa wale wasiowajua. Just A Band ilianza 2003, vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta: Blinky Bill Sellanga, Mbithi Masya, Dan Muli, na Jim Chuchu ambaye baadaye alitoka. Muziki wao ukiuita roki utakuwa umekosea kidogo, ukiuita hausi utakuwa umekosea kidogo, na ukiuita fanki vivyo hivyo. Hawakungoja lebo kubwa ije iwachukue. Walitoa Scratch to Reveal mwaka 2008, 82 mwaka 2009 na Sorry for the Delay mwaka 2012, kisha kila mtu akashika shughuli yake. Masya alitengeneza filamu ya Kati Kati (2016), Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018.

Hapa Nakuru wengi hatukuwapata kwa redio. Tuliwapata kwa flashi na memori kadi. Ulienda kwenye kibanda cha kompyuta, ukatoa shilingi zako chache, jamaa akakujazia kadi mpaka ikalia. Ukifika nyumbani unafungua unakuta nyimbo mia mbili, na nusu yake zinaitwa "Track 03". Hapo ndipo kazi ya shabiki ilipoanzia. Huyu ni nani? Anaimba nini hapo katikati? Albamu ni ipi? Mtu mmoja aliyekuwa na jamaa yake Nairobi ndiye aliyekuwa na jibu, na jibu hilo lilizunguka mtaani kwa mdomo, kutoka Kaptembwo hadi Free Area, likibadilika kidogo kila linapotua.

Sasa tuongee kama watu wa kompyuta. Kwa nini faili iliitwa Track 03?

Faili ya MP3 ilipobuniwa haikuwa na mahali pa kuandika jina la mwimbaji. Mwaka 1996 Eric Kemp akaongeza kibandiko mwishoni mwa faili, ndicho hicho tunachokiita ID3. Kilikuwa na baiti 128 tu. Tatu za kujitambulisha, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maoni, na moja ya aina ya muziki. Hesabu, utapata 128. Mahali pa mtunzi hakuna, pa mpiga gitaa hakuna, pa lugha hakuna, na pa maneno ya wimbo ndiyo usiseme.

Hiyo baiti moja ya mwisho ndiyo inayonichekesha mpaka leo. Ilikuwa namba ya kuchagua kutoka orodha ya aina 80 za muziki. Katika orodha hiyo kulikuwa na polka. Kulikuwa na rapu ya Kikristo. Kulikuwa hata na kipengele cha mizaha. Benga haikuwamo. Taarabu haikuwamo. Sisi tuliwekewa "Ethnic" na "Tribal", chagua unayotaka.

Utasema hayo ni ya zamani, toleo la pili lilirekebisha. Kweli, ID3v2 ina nafasi ya mtunzi, ina nafasi ya lugha, ina hata nafasi ya maneno yote ya wimbo. Lakini isome kwa makini. Kila maandishi ya wimbo lazima yawekewe msimbo mmoja wa lugha wa herufi tatu, kutoka orodha ya ISO 639-2. Kiswahili kimo, swa. Kijaluo kimo, luo. Kikuyu, Kikamba na Kimaasai vimo. Kikalenjin hakimo! Lugha ya nusu ya watu ninaopanda nao matatu ya kwenda Kericho haina msimbo katika orodha hiyo. Ilibidi tungoje ISO 639-3, iliyotolewa 2007, ndipo tukaona kln. Na Sheng' katika 639-2? Sahau. Halafu wimbo wenye mstari wa Kijaluo, mstari wa Kiingereza na mstari wa Sheng' ndani ya pumzi moja, unauwekea herufi tatu zipi?

Nataka mtu anayesema "kila kitu kiko mtandaoni" alijue jambo hili kabla hajaendelea. Huo mtandao una masanduku, masanduku yaliundwa na watu, na watu hao hawakuwahi kumsikia Kipchamba arap Tapotuk. Si kosa lao. Ni kosa letu tukikaa kimya na kudhani kwamba kisichoingia sandukuni hakipo.

Nimetaja Kericho makusudi. Ukitoka hapa mjini, ukapita Salgaa na Mau Summit, ukateremka Kericho, halafu ukashika barabara ya Litein, utafika Kapkatet. Hapo mwaka 1950 alikuja Hugh Tracey na mashine yake ya kurekodi. Wakipsigis walimwimbia nyimbo kadhaa zilizomhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Tatu kati ya hizo zilitolewa, Chemirocha ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ya tatu ndiyo maarufu kuliko zote: Chemutoi Ketienya akiimba na wasichana wenzake.

Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyekufa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika kwenye vilima vya chai, watu wakazisikia kwenye gramafoni, jina likapita katika ulimi wa Kikipsigis likatoka Chemirocha. Angalia lilivyokaa. Che-, kama Chebet, kama Chelangat. Jina la kigeni likageuka jina la nyumbani. Na kwa kuwa sauti ya mtu huyo haikuwa ya kawaida, kwa jinsi alivyokuwa akiivunja na kuipandisha, wakamfanya nusu mtu nusu swala, wakamkaribisha achezee ngoma yao.

Mimi nikiisikia rekodi hiyo sisikii "wenyeji walioshangaa gramafoni", kama wageni wanavyopenda kuisimulia. Nasikia mashabiki. Wasichana wamepata msanii kutoka mbali, hawaijui lugha yake, hawana jalada la santuri la kusoma, na wamekaa wakabishana: huyu ni mtu gani, mbona sauti yake iko hivi, akija hapa atacheza vipi? Jibu lao wakaliimba. Hiyo ndiyo kazi ileile niliyokuwa nikiifanya na Track 03, tofauti ni kwamba wao waliifanya vizuri zaidi.

Kwa nini tunaijua leo? Kwa sababu kulikuwa na maandishi. Mahali, mwaka, jina la mwimbaji, maelezo. Yalihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, na mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ya Tabu Osusa, walizirudisha rekodi Kapkatet. Wangepataje pa kuzipeleka kama kibandiko kingesema "Track 03, Tribal"?

Lakini upande wa pili wa hadithi hiyo unauma. Aliyeandika maelezo alikuwa mgeni. Kwa zaidi ya miaka 60 dunia iliusoma wimbo huo kwa maneno yake, na wenye wimbo hawakuwa hata na nakala. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, basi, na mwenye kalamu ndiye aliyeamua wimbo unahusu nini.

Sasa twende Nairobi, miaka 60 baadaye, mwezi wa Machi 2010. Just A Band wanatoa video ya Ha-He, wimbo wa albamu ya 82. Ndani yake kuna shujaa mwenye afro na kitambaa kichwani, aliyeigizwa na Kevin Maina, anapiga watu mateke kama filamu za zamani. Anaitwa Makmende.

Nani alibuni jina Makmende? Si bendi. Lilikuwa jina la watoto wa mitaani miaka ya nyuma, ulimwita hivyo mtu anayejifanya jasiri kupita kiasi. Na lilitoka wapi? Inasemwa lilitoka kwa Clint Eastwood, kwenye filamu ya Sudden Impact ya 1983, ambamo anamwambia jambazi "make my day". Watoto walisikia, ulimi ukafanya kazi yake, wakatoa Makmende. Shujaa akapatikana.

Umeona? Chemirocha na Makmende ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alizaliwa kwenye gramafoni, mwingine kwenye televisheni. Kila mmoja ni neno la Kiingereza lililosikiwa na sikio la hapa, likapewa mwili, tabia na hadithi. Na kila mmoja ni kazi ya wasikilizaji, si ya msanii. Mwaka ule wa 2010 wasikilizaji ndio waliomfanya Makmende kuwa kile alichokuwa. Maelfu ya sentensi za utani juu ya nguvu zake, picha zake kwenye majalada ya magazeti ya kubuni, tovuti. Vyombo vya habari vya Marekani vikaja kuuliza huyu ni nani.

Na ukurasa wake wa Wikipedia? Ulifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kuachwa ukae. Wahariri walioufuta hawakuwa na chuki. Walitazama wakaona hakuna chanzo kinachoaminika. Taifa zima linacheka, lakini hakuna karatasi. Ndipo mgeni mmoja mashuhuri, Ethan Zuckerman wa Marekani, akaandika kumhusu, na magazeti ya kwao yakaandika, na Makmende akawa kitu cha kweli. Yaani kutoka Kapkatet 1950 hadi Nairobi 2010, na pamoja na intaneti yote hiyo, bado tulihitaji mgeni aandike ndipo tuwepo. Hili linanikera, na linapaswa kumkera kila anayejiita mtu wa teknolojia nchini humu.

Haya, turudi kwa rafiki yangu na mashine yake ya kuandika maneno. Nilifanya alivyosema. Nilichukua programu moja inayosifiwa sana (sitaitaja, na kesho nyingine itafanya vilevile), nikailisha nyimbo za albamu hizo tatu. Kiingereza ilijitahidi. Ilipofika kwenye Usinibore ikakwama. Mara ikatenganisha "usini" na "bore", mara ikaweka neno la Kiswahili ambalo halipo, mara ikaamua anaimba Kiingereza kibaya.

Lakini neno hilo ni tamu kwa shabiki! Lifungue kama mwalimu wa sarufi: u-si-ni-bor-e. Kukataza kwa Kiswahili mara nyingi kunadai e mwishoni, kama usinipige, usiniambie. Na neno la Kiingereza "bore" tayari limekuja na e yake mwishoni, kimya, haitamkwi kwao. Sheng' ikaikuta e hiyo imekaa bure ikaipa kazi. Hakuna aliyepanga. Unaweza kukaa na watu watatu mezani mkalizungumza jambo hilo nusu saa. Mashine inaliona kama kosa la kusahihishwa.

Ndivyo mashine zilivyo, zinasahihisha kuelekea kule zilikosoma zaidi. Ungezipa Chemirocha zingerudisha Jimmie Rodgers. Ungezipa Makmende zingerudisha maneno matatu ya Clint Eastwood. Zingekuwa sahihi kabisa na zingekuwa zimeufuta wimbo. Na hizi programu kubwa za lugha za siku hizi hula maandishi yaliyopo. Maandishi mabovu ya mashine ya jana yatakuwa chakula cha mashine ya kesho. Nimeshaiuliza mojawapo juu ya nyimbo za 82, ikanijibu kwa ujasiri mkubwa, na nusu ya orodha ilikuwa ya kubuni. Pasipo na maandishi haisemi "hakuna". Inajaza.

Kuna wengine watakaosema: kama unataka maana, muulize msanii, shabiki ni mpiga kelele tu. Sikubali. Msanii anajua alichokusudia. Hajui kilichosikika Nakuru. Chukua majina ya albamu peke yake. Scratch to Reveal: mwaka 2008 kila Mkenya mwenye simu alikuwa na kucha chafu kwa kukwangua kadi za muda wa maongezi. Kijana anayenunua kila kitu kwa M-Pesa leo anaona maneno mazuri ya Kiingereza, basi. 82: mtu wa rika la baba yangu akiiona namba hiyo haulizi mara mbili, anakumbuka tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa angani, redio, na watu kujifungia ndani. Iwinyo Piny, wa Scratch to Reveal: mimi si Mjaluo, na ilinibidi jirani anieleze kwamba piny ni nchi, ni dunia, ni ardhi pia, na kwamba ukitafsiri kwa neno moja la Kiswahili umeshapoteza mawili. Mambo hayo hayamo kwenye sauti. Yamo vichwani mwa watu, na watu wanazeeka, wanahama, wanakufa.

Na msinitishe na hakimiliki, nimeisoma. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, maneno ya wimbo ni kazi ya maandishi, na mwenyewe analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo kubandika mashairi yote bila ruhusa ni wizi, hata kama ni kwa mapenzi. Omba ruhusa, hawa si watu wa mbinguni. Lakini jina la mpiga gitaa si mali ya mtu. Mwaka, lugha, mahali pa kurekodia, maana ya neno la Sheng', ubishi juu ya utani, hayo ni maelezo yako wewe. Hakuna sheria inayokuzuia kuandika kwamba mstari wa tatu una neno la Kijaluo na kwamba maana yake ni hii.

Basi nimeacha kubishana nimeanza kuandika. Sijengi programu, maana najua ugonjwa wetu: tungetumia miezi sita kuchagua hifadhidata, kisha tungechoka. Ni faili za maandishi matupu, UTF-8, faili moja kwa wimbo mmoja, zinazofunguka hata kwenye kompyuta ya saiba iliyokufa nusu. Kila moja ina wimbo, albamu, mwaka, waliohusika. Lugha zinaandikwa mstari kwa mstari, na ziwe nyingi kadiri zilivyo, na kama msimbo haupo unaandika jina la lugha kwa ukamilifu. Halafu kuna sehemu niliyoiita "ilisikika", na hapo ndipo moyo wa jambo. Ukisikia neno moja na mwenzako wa Njoro akasikia lingine, yote mawili yanaandikwa, na kila moja linapewa mahali na mwaka liliposikika. Hakuna anayefuta la mwenzake. Lililo sahihi kwa msanii linawekewa alama, lakini yale mengine yanabaki. Wasichana wa Kapkatet wangepita katika faili hii bila kusahihishwa.

Nimeanza na 82. Ha-He imekaa vizuri. Usinibore ina maelezo marefu kuliko wimbo wenyewe. Iliyonishinda ni Migingo Express. Najua kwamba 2009 Kenya na Uganda zilikuwa zikivutana juu ya kisiwa hicho cha mawe ndani ya Ziwa Victoria, kidogo kuliko uwanja wa shule, kimejaa mabati na wavuvi. Lakini hayo ni ya gazetini. Sehemu ya "ilisikika" iko tupu, kwa sababu kila niliyemuuliza hapa ni mtu wa bara kama mimi, hajawahi kuona sangara akipimwa ufukweni. Kama uko Muhuru Bay, na ulikuwa na masikio mwaka 2009, niandikie wimbo huo ulikufikia vipi na mliucheka wapi. Jina lako si lazima. Mahali na mwaka ni lazima.